Mayai ya Oktoba, mayai ya Aprili

Nikuulize swali kabla hatujaenda mbali. Kuna samaki jike anayeanza kutengeneza mayai yake msimu wa vuli na kuyabeba mpaka baridi iishe. Mtu mmoja anamtoa majini mwezi wa Oktoba. Mwingine anamtoa mwezi wa Aprili. Ni nani kati yao anayemaliza samaki ziwani?

Ukifikiria vizuri, wote wako sawa. Samaki ametoka na mayai yake yameenda naye. Lakini kule kaskazini mwa Marekani, huyu wa Oktoba aliitwa mwanaspoti, akapigwa picha akiwa amemkumbatia samaki wake. Huyu wa Aprili alirushiwa mawe. Leo nataka tuongee juu ya hii kitu, na tunaanzia mahali hungedhani: kwenye chambo hai.

Samaki mwenyewe anaitwa walleye. Mimi nitaandika wolai, vile anavyotamkwa, na tafadhali usimchanganye na ile "walai" ya kuapa. Waojibwe, wenyeji wa maziwa hayo tangu kabla ya Mzungu kufika, humwita ogaa. Anaishi kwenye maji baridi ya Kanada na ya majimbo kama Minnesota, Wisconsin na Michigan, mpaka Ziwa Erie. Minnesota wanampenda hadi mwaka wa 1965 walimtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na haina ile harufu kali.

Kinachomfanya awe tofauti ni jicho. Ndani yake kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama jicho la paka unapolimulika usiku. Kwa hivyo giza likiingia yeye bado anaona, na visamaki anavyovifuata havioni vizuri. Ndiyo maana hula sana jioni, usiku na alfajiri. Na ndiyo maana ukielekeza mwanga majini usiku, macho yake yanawaka. Hilo la macho kuwaka lishike, tutalihitaji.

Sasa twende kwa ndoana. Mtu anayevua wolai kwa chambo hai alikuwa na shida moja kubwa. Chambo lazima kikae karibu na sakafu ya ziwa, kwa hivyo lazima uweke risasi ya kukivuta chini. Lakini wolai mkubwa ni mjanja. Anachukua chambo, anahisi kuna uzito unaomvuta, anakitema. Wewe ukivuta mshipi, unavuta maji.

Suluhisho lilikuwa kuiacha risasi iteleze. Mshipi unapita kwenye tundu la risasi bila kufungwa hapo. Mbele yake kuna kizuizi kidogo, kisha kipande cha mshipi cha mita moja au zaidi, kisha ndoana, kisha chambo. Samaki akichukua chambo na kuondoka nacho, mshipi unateleza ndani ya risasi, na risasi inabaki chini imetulia. Samaki hahisi kitu. Wazo hilo halikuwa jipya, lakini ndugu wawili, Al na Ron Lindner, waliohama kutoka Chicago wakaenda Brainerd, Minnesota, ndio waliolifanya likaenea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walianza kuuza pakiti ndogo yenye kila kitu, ikaitwa Lindy Rig. Risasi yake ilikuwa na umbo kama la kiatu, ili itembee juu ya mawe bila kukwama. Mwaka wa 1975 wakaanzisha jarida la In-Fisherman, na hapo ndipo maelfu ya watu wa kawaida walipoanza kufundishwa kwamba uvuvi si bahati. Kuna samaki, kuna mahali alipo, kuna msimu, na kuna njia ya kumfikia.

Na msimu wenyewe wa kupata wakubwa ni vuli. Hapa kwetu vuli ni zile mvua za Oktoba mpaka Desemba. Kwao ni majani kubadilika rangi na baridi kuanza kuingia. Maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka. Ya chini yanapanda. Ziwa linajikoroga kama uji. Baada ya hapo oksijeni inafika mpaka chini kabisa, na wolai wakubwa wanaweza kukaa kwenye miteremko mikali, mita 8, mita 10, hata kushuka zaidi. Visamaki vilivyozaliwa mwaka huo vimeshakua au vimeshaliwa. Mkubwa sasa anataka mlo wa maana.

Kwa hivyo chambo nacho kinakua. Ruba na nyungunyungu wa wakati wa joto wanawekwa kando. Mvuvi anaenda na kisamaki hai cha sentimita 10 mpaka 15, na kule Minnesota wanapenda sana aina moja yenye mkia mwekundu. Anakipitisha ndoana kwenye midomo, ili kiendelee kuogelea. Halafu anaendesha boti kinyumenyume, injini ikiwa chini kabisa, akifuata ukingo wa mteremko polepole kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Mshipi haujafungwa. Ameushika kwa kidole kimoja tu.

Kuna kitu wavuvi hawa husema, na mimi nilikipenda. Kabla wolai hajauma, chambo chenyewe hukupa habari. Kinaanza kuhangaika, kinapiga mkia harakaharaka, na mtetemo unapanda kwenye mshipi mpaka kidoleni. Kimemwona mkubwa anakuja. Halafu kinakuja kimya, kisha uzito. Mvuvi anaachilia mshipi uende. Anasubiri. Anampa samaki muda wa kugeuza chambo mdomoni na kukimeza. Ndipo anavuta.

Ni akili nyingi, kusema kweli. Siwezi kuidharau. Lakini sasa uliza swali linalofuata: hawa wakubwa wanaopatikana vuli ni kina nani?

Ni akina mama. Wolai dume hakui sana. Ukiona mmoja wa sentimita 70 na zaidi, karibu kila mara ni jike. Na jike huyo anakula hivyo wakati wa vuli kwa sababu mwili wake unatengeneza mayai. Atayabeba chini ya barafu miezi yote ya baridi, na barafu ikiyeyuka tu, ataenda kwenye maji madogo yenye mawe na kuyataga. Jike mkubwa anaweza kutaga mayai laki kadhaa kwa msimu mmoja. Yaani ile njaa inayomfanya auchukue mtego wa Oktoba ni njaa ya mayai ya Aprili.

Haya, sasa njoo tuone Aprili kulitokea nini.

Waojibwe walikuwa wakivua ogaa usiku, barafu inapoyeyuka. Walitoka na mitumbwi, mbele wamewasha mwenge wa gome la mti. Samaki wako kwenye maji madogo wanataga, mwanga unaangukia, macho yanawaka, mkuki unashuka. Unakumbuka lile jicho? Jicho linalompa samaki ushindi gizani ndilo lililomwonyesha kwa mwindaji wake. Wafanyabiashara Wafaransa waliona ziwa moja limejaa mienge usiku wakaliita Lac du Flambeau, ziwa la mwenge. Jina hilo lipo mpaka leo huko Wisconsin. Hii ilikuwa njia ya kulisha jamii ambayo imetoka kwenye miezi mirefu ya baridi, akiba ya chakula imeisha. Picha za kutundika ukutani hazikuwa na maana kwao.

Mwaka wa 1837 Waojibwe walitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Walitoa eneo kubwa sana la ardhi ambayo leo ni sehemu za Wisconsin na Minnesota. Mwaka wa 1842 wakatia saini mwingine. Lakini hawakutoa kila kitu. Waliandikiwa humo kwamba haki ya kuwinda na kuvua kwenye ardhi hiyo inabaki kwao. Ardhi ilichukuliwa upesi. Ile sehemu nyingine ya makubaliano ikasahauliwa. Kwa miaka mingi, Muojibwe aliyevua nje ya ardhi ndogo iliyotengwa kwa ajili yao alikamatwa na kushtakiwa kama jangili, kwa sheria za jimbo ambalo halikuwepo wakati babu zake walipotia saini.

Mwaka wa 1974, ndugu wawili wa familia ya Tribble, wa jamii ya Lac Courte Oreilles, walivuka mpaka wa ardhi yao wakiwa na nakala ya mkataba, wakatoboa barafu na kuvua kwa mkuki. Walijua watakamatwa. Walikamatwa. Kesi ikazaa kesi nyingine, na mwaka wa 1983 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema wazi: mkataba bado ni mkataba, haki haijawahi kufutwa.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kila majira ya kuchipua, mamia ya watu walijaa kwenye gati za Wisconsin usiku kuwazomea Waojibwe wanaoingia majini. Mawe yalirushwa. Boti zilitumwa kupiga mawimbi ili mitumbwi iyumbe. Kulikuwa na mabango yaliyowaambia watu waokoe wolai kwa kumchoma mkuki mwenyeji. Soma tena hiyo sentensi. Watu walisimama mbele ya watoto wa wenzao wakiwa wameshika bango kama hilo, halafu wakasema wanalinda samaki.

Niwatendee haki waliokuwa na hoja. Wavuvi wa ndoana Wisconsin walikatazwa kuvua wolai msimu wa kutaga. Wao huanza Mei. Kwa hivyo waliona wengine wanaruhusiwa kufanya kile ambacho wao wangepigwa faini wakikifanya. Pia jimbo lilipunguza idadi ya samaki wanaoruhusiwa kubeba kwa siku kwenye maziwa mengi, ili kuacha nafasi kwa mgao wa Waojibwe. Mtu mwenye duka la chambo au nyumba ya wageni aliogopa wateja watapotea. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini hofu ya kweli inaweza kuelekezwa kwa mtu asiye na hatia, na hapa ndipo hesabu inaingia.

Waojibwe walihesabu. Mwaka wa 1984 jamii hizo ziliunda tume ya pamoja, GLIFWC. Kila ziwa liliwekewa kiwango. Kila usiku wa kuvua ulihitaji kibali. Na pale gatini, boti ikirudi, kila samaki alihesabiwa na vipimo vyake kuandikwa. Ikaonekana kwamba wengi wa samaki waliochomwa mkuki walikuwa madume, kwa sababu dume hukaa kwenye maji madogo muda mrefu, na jike huja, hutaga, huondoka. Mwaka wa 1991 ripoti ya pamoja ya serikali ya shirikisho, jimbo na jamii za wenyeji ikatoka, ikasema mkuki haukuwa umeharibu samaki wa Wisconsin. Wavuvi wa ndoana ndio waliokuwa wakitoa wolai wengi zaidi, mara nyingi zaidi. Mwaka huohuo jaji Barbara Crabb akatoa amri ya kuzuia fujo dhidi ya wavuvi wa mkuki, na zile usiku za mawe zikaanza kupungua.

Kwa hivyo turudi kwa lile swali. Mkuki wa Aprili ulionekana ukatili kwa sababu ulikuwa hadharani. Samaki anataga, mwanga unawaka, damu inaonekana, na mshika mkuki si mtu wa ukoo wenu. Ndoana ya Oktoba ilikuwa kimya. Mtu peke yake kwenye boti, ukungu, subira, picha moja. Mayai yaliyomo tumboni hayakuonekana, kwa hivyo hayakuhesabiwa.

Na baadaye chambo hai chenyewe kikafikishwa mbele ya hesabu. Twende Mille Lacs, ziwa kubwa la Minnesota, la zaidi ya kilomita 500 za mraba, ambako wolai ni kama dini. Mwaka wa 1999 Mahakama ya Upeo ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba Waojibwe wa Mille Lacs bado wana haki zao za mwaka wa 1837. Samaki wa ziwa hilo wanagawanywa kwa mgao: huu wa jimbo, huu wa jamii. Lakini idadi ya wolai ikaanza kushuka, na mwaka wa 2015 jimbo lilifunga uvuvi wa wolai katikati ya msimu kwa sababu mgao wa wavuvi wa ndoana ulikuwa umekwisha. Mwaka wa 2016 wakaja na sheria ambayo wengi hawakuitarajia: kila wolai anarudishwa majini, na ukimvua wolai, chambo hai ni marufuku.

Kwa nini chambo hai? Kwa sababu ya ule ujanja wenyewe. Ukimwachia samaki mshipi ili ameze, atameza kweli. Ndoana inaingia ndani kooni, na ukimrudisha, huenda akafia chini huko usikomwona. Wolai wanaokufa baada ya kurudishwa huhesabiwa pia kwenye mgao, na maji yakiwa ya joto huwa wengi zaidi. Vuli maji ni baridi, na hilo linamsaidia. Lakini vuli ndipo anavuliwa kutoka kina kirefu, na ukimpandisha haraka, kifuko cha hewa tumboni kinafura na kumwumiza. Kwa hivyo kusema "nilimrudisha" hakutoshi. Lazima uulize alirudi katika hali gani.

Sitaki mtu aseme nawapamba Waojibwe. Red Lake, kaskazini mwa Minnesota, ni ziwa ambalo sehemu kubwa yake ni ya jamii ya Waojibwe wenyewe. Uvuvi wa nyavu wa kibiashara ulianza hapo mwaka wa 1917, wakati wa vita, Marekani ikitaka chakula. Ulidumu miongo mingi, na samaki wakavuliwa kupita kiasi mpaka kufikia miaka ya 1990 wolai walikuwa karibu kwisha. Wenyewe waliona. Mwaka wa 1997 wakaweka nyavu chini. Wakakubaliana na jimbo, ziwa likafungwa kwa wote, vifaranga wakapandwa, na mwaka wa 2006 uvuvi ukafunguliwa tena, wolai wakiwa wamejaa. Hii ndiyo sehemu ya hadithi ambayo hukosa kusimuliwa: watu walewale walioitwa waharibifu walifunga riziki yao kwa miaka karibu kumi ili ziwa lipone.

Sisi Wakenya hii stori tunaielewa haraka, kwa sababu neno "jangili" lina historia hapa pia. Wawaata waliwinda ndovu kwa upinde na mshale wa sumu vizazi na vizazi. Sheria za mkoloni zikawafanya wahalifu, na miaka ya 1950 wengi wao walifungwa jela kwenye kampeni za Tsavo. Wakati huohuo mwenye bunduki na leseni alipiga ndovu kihalali, akaitwa mwanaspoti, mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka wa 1977. Fikra ni ileile: anayeua kwa burudani ana heshima, anayeua kwa chakula ana kesi.

Msimamo wangu ni huu. Sina ugomvi na chambo hai. Ile mbinu ya vuli ni elimu iliyojengwa kwa miaka, na mtu anayeweza kusoma woga wa kisamaki kwa kidole kimoja anajua ziwa kuliko mimi nitakavyowahi kulijua. Sina ugomvi na mkuki pia. Ugomvi wangu ni na mtu anayepima mwenzake kwa kifaa alichoshika na kukataa kujipima mwenyewe kwa idadi aliyobeba.

Leo wavuvi wengi wa Minnesota wanamrudisha yule mama mkubwa na kula wale wa wastani. Sheria ya jumla ya jimbo inakuruhusu kubaki na mmoja tu anayezidi inchi 20, karibu sentimita 51. Hiyo ni hatua nzuri, na naiheshimu. Ila mtu akikwambia analinda ziwa, usimwangalie mkononi ameshika nini. Mwambie akuonyeshe hesabu yake mwenyewe, ya Oktoba na ya Aprili.